Kamba ya Percy Threlkeld

Ukumbini mwa klabu yetu ya kriketi, kaunti ya Aldershire, upo ubao wa mabingwa. Una mwaka mmoja tu, 1922, kwa rangi ya dhahabu. Chini yake ni patupu. Percy Threlkeld, mtunza kiwanja, aliupita kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja akifuata chai yake, na katika miaka hiyo tulishika nafasi ya pili mara tatu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Septemba ile ya 1983 alikuwa anastaafu, na alitaka kitu kimoja tu: kumwona mchoraji akipanda ngazi kuandika mwaka wa pili.

Siku ya mwisho ya msimu tulicheza na Wenstead. Wakishinda, ubingwa wao. Mechi ikiisha bila mshindi, wetu. Nasi tulikuwa tunapigwa. Tulibakiwa na wapigaji watatu, na kazi yao ilikuwa kusimama tu wasitolewe hadi saa kumi na mbili. Adhuhuri ikanyesha mvua. Watu wetu walishangilia chini ya miavuli, kwani kriketi haichezwi kwenye nyasi zilizolowa. Saa nane ikakata.

"Bwana Threlkeld," mwamuzi akasema, "kiwanja kikikauka utatuita."

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Haverstock, alimfuata Percy kwenye banda lake la vifaa. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika namba za ubao wa matokeo.

"Percy, rafiki yangu, umechoka. Kaa."

"Nimechoka tangu 1952, bwana."

"Basi pumzika. Nyasi ni nyasi, hukauka zinapotaka. Nani atakulaumu?"

"Nyasi zangu hukauka ninapozikausha."

"Usiwe punda! Miaka sitini na mmoja, Percy!"

"Najua kuhesabu."

Haverstock akaondoka. Percy akakaa kweli juu ya ndoo, akaitazama kamba. Ni kamba nene, ndefu. Watu wawili huiburuta juu ya nyasi ili maji yadondoke majanini. Alikaa robo saa nzima. Nilitaka kumpigia kelele, na sikujua nimwambie ainuke au abaki palepale.

Muriel, mkewe, aliyepika chai ya wachezaji, akaingia akifuta mikono. Akaokota ncha moja.

"Haya, mzee, shika upande wako. Au unasubiri nikuchumbie tena?"

"Wakitolewa, Muriel, nitakuwa nimewatoa mimi."

"Watakuwa wametolewa na Wenstead. Inuka."

Akainuka. Wakaiburuta kwenda na kurudi, wazee wawili wanaochechemea, huku watu wetu wenyewe wakiwazomea: "Polepole, babu! Unakimbilia wapi?"

Saa kumi Percy akamwita mwamuzi. Mpigaji wetu wa mwisho alitolewa zikiwa zimebaki dakika kumi na moja.

Wapo wanaomwita mjinga hadi leo. Waje waniambie mimi usoni. Ubingwa unaongojewa chini ya mwavuli haustahili hata tone la rangi.

Wenstead walipokuwa wakiimba ukumbini, Percy alikuwa amepiga magoti kiwanjani, akijaza udongo na mbegu katika mashimo yaliyochimbwa na miguu ya warushaji. Hakukuwa na mechi nyingine hadi Aprili, na Aprili yeye asingekuwepo.

"Twende nyumbani," Muriel akasema.

"Bado shimo moja," akajibu, akamnyooshea mkono amsaidie kusogea.