Msalaba wa Chaki Mlangoni

Juzi nilipita Msata, nikaona kuta zimechorwa alama nyekundu, zinasubiri kubomolewa zipishe barabara. Ghafla nikaisikia harufu ya chaki, kama mchana ule wa utotoni kwetu Kiwangwa.

Katekista alikuwa ametufundisha kwamba Mungu, kabla ya kuuhukumu mji, huwatia alama watakaosalimika. Basi mtu wa serikali alipochora msalaba wa chaki kwenye mlango wa bibi, nilifurahi. Nyumba ya katekista aliipita bila kuichora. Nikaanza kumshuku: huyu ana dhambi gani?

"Bibi, tumepona," nilisema.

"Tumepona nini, mjukuu wangu? Tunahamishiwa kijiji cha ujamaa. Kesho wanaibomoa."

Jioni katekista alikuja kutupa pole. Alisema Mungu anayebomoa ndiye anayejenga tena.

Bibi alimtazama kwa pembeni. "Na yako, Mwalimu, mbona haibomolewi?"

Katekista akakohoa. "Mimi nimo ndani ya ramani ya kijiji kipya."

Alipoondoka, bibi aliung'oa mlango, na kesho yake tukaubeba hadi kijiji kipya. Nilidhani haamini kwamba Mungu atatujengea. Siku hizi nafikiri bibi alimtilia shaka katekista tu, si Mungu.

Nyumba mpya ilipopata kuta, zikiwa bado zinanuka udongo mbichi, bibi aliupachika mlango ule ule. Nilichukua kitambaa nifute msalaba.

"Uache," alisema. "Aliyeuchora akipita, aone bado tunafungua na kufunga."