Mwanya wa Ummy

Jirani yangu wa meza sokoni Mwanga, Saad, anauza mawese, na hakuzaliwa mjinga. Ujinga ulimwingia siku Ummy alipokuja kununua mafuta.

Ummy ni fundi cherehani, mzuri, lakini uso kaufunga kama duka saa ya swala ya Ijumaa. Saad aliharakisha kumpimia, akakanyaga mafuta yaliyomwagika, akaenda chini chali, kopo mkononi. Ummy akacheka. Ndipo mwanya ukaonekana, katikati ya meno ya mbele, ule wa kuzaliwa nao, si wa kuchongesha. Saad akabaki hapo chini anautazama, mpaka nikamwambia ainuke, wateja wanamruka.

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Alimtolea Ummy vichekesho vyake vyote, Ummy akamtazama tu. Basi mwanamume mzima, mjukuu wa watu wa heshima wa Ujiji, akaamua kuwa anaanguka makusudi. Ummy akitokea, Saad chini, na Ummy anacheka. Mimi nauza migebuka. Mara mbili ameniangukia juu ya samaki wangu. Nilimtukana. Akaniambia, huku anakanda kiuno, "Dada Mwanne, kwani hukuuona?" Nilikuwa nimeuona, na nilimwonea huruma.

Penye wengi pana mengi. Wakasema Saad ana kifafa, wengine wakasema ana jini. Mzee Hamdani akaja na bakuli la kombe, dua iliyoandikwa kwa zafarani ikaoshwa kwa maji, akamnywesha mbele ya watu. Mama yake Ummy akasikia saa hiyohiyo, akamkataza binti yake kununua mawese kwa mtu mwenye mashetani.

Hapo ujanja ukamwishia. Ummy alipopita akielekea kwa muuzaji mwingine, Saad alimkimbilia, midomo bado ya njano kwa zafarani.

"Ummy, mimi sina jini. Naanguka ili ucheke. Nataka kukuoa."

Ummy hakucheka.

"Na nikizeeka meno yaking'oka, kaka Saad, utaangukia nini?"

Saad akajipapasa mgongoni. "Siku hiyo sitakuwa na kiuno cha kuangukia. Tutakaa tu."

Ummy akacheka mpaka akaishika meza yangu, mwanya wote nje, na kwa mara ya kwanza Saad aliuona akiwa amesimama.