Mikono ya Kindi

Kindi ni mwizi. Naanza na hilo kwa sababu mama yangu akisikia nimemsifu mnyama huyo kabla ya kumtukana, hatanisemesha wiki nzima. Nyuma ya shamba letu dogo hapa Masaka, si ile ya Uganda, kuna kijisitu cha mikaratusi, na kindi wa humo waliamua zamani kwamba karanga za mama ni zao. Mama huwatupia mawe. Hajawahi kumpiga hata mmoja, lakini hachoki.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nikishona Kabuga, karibu na soko, katika chumba cha mafundi cha mama mmoja aliyekulia Uganda. Siku moja ya mvua, moto, yaani pikipiki ya abiria, niliyopanda kurudi nyumbani iliteleza kwenye tope, nikaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Nikafungwa plasta, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya maana, mama akaniketisha kwenye kigoda shambani nifukuze kindi.

Basi nikawatazama. Mmoja wao, mnene kidogo, alikuja kila asubuhi. Anachimba karanga, anakaa kitako, anaishika kwa mikono miwili, anaizungusha na kuimenya ganda taratibu kama bibi mwenye nafasi. Vidole vile! Sikumfukuza. Nilimwonea wivu, wallahi, mtu mzima kumwonea wivu panya wa mtini.

Wivu ulizidi plasta ilipotolewa. Nilitegemea kuukuta mkono wangu, nikakuta mkono wa mtu mwingine: umekonda, ngozi kavu, vidole vimekakamaa. Kidole gumba kiligoma kabisa kukutana na cha shahada. Na fundi asiyeweza kubana uzi kati ya vidole hivyo viwili ni fundi wa nini?

Yule mwenye chumba cha mafundi akaja kunisalimu. Alikaa, akanywa chai, akazunguka weee, kisha akasema lililomleta. "Umva, sikiliza, dada. Mimi siko mbaya. Lakini mashine iko moja, watu wa kushona iko wengi. Mwisho wa mwezi nakuja tena. Kama unatunga uzi, kiti iko yako. Kama hapana, nampa mwingine."

"Njoo," nikamwambia. "Na sindano uje nayo."

Alipoondoka nililia mpaka kamasi. Kile kiti nimekikalia tangu nikiwa msichana. Sijui kazi nyingine, na sitaki kuijua.

Kule hospitali ya Kibagabaga nilikokwenda kwa mazoezi kulikuwa na binti mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kine, kama tunavyowaita hapa. Nilimwambia habari ya kiti. Hakunipa pole. Alinipa paketi ya udongo mweupe, laini, ule unaokauka wenyewe kwa hewa, hauhitaji tanuri wala jua. "Finyanga kitu chenye vijisehemu vidogo vidogo," akasema. "Mkono wa kushoto ushikilie tu. Ukifanya kazi, nitajua."

Kitu gani? Sikufikiri mara mbili.

Nikaufunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kitenge, nikaacha ncha za vidole tu, maana najijua, ningeutumia kwa wizi. Nikaanza na kiwiliwili. Mama akapita na ndoo, akatazama. "Hicho ni kiazi?"

"Ni kindi."

"Yewe! Umekosa mnyama wa kufinyanga?"

Mkia ndio ulionitesa. Naubandika, unaanguka. Naubandika tena, unaanguka na kipande cha mgongo. Nilitukana kwa Kiswahili, nikatukana kwa Kinyarwanda, kisha nikajiuliza: wewe, umewahi kushona mkono wa gauni bila kuacha nafasi ya mshono? Nikaukwaruza mkia kwa sindano, nikaukwaruza na mgongo, nikapaka uji wa udongo katikati, nikavibana. Kisha nikauegemeza kwenye mto wangu wa pini ukae. Ukakaa. Nikaweka mikono miwili minene kama vidole vya ndizi, si mizuri, lakini mikono. Nikamwacha dirishani akauke, nikaenda zangu mazoezini.

Niliporudi, jikoni kulikuwa na moshi na mama amesimama kando ya mbabura, jiko letu la makaa, kashika koleo. Kwenye makaa kulikuwa na vipande vyeupe. Kichwa kilikuwa kimerukia huko mlangoni.

Mama alikulia kwa wafinyanzi. Kwao chungu hakikuitwa chungu mpaka kipite motoni, vinginevyo ni tope lenye umbo. Aliona nimesahau kumchoma kindi wangu, akaamua kunimalizia.

"Mama, umeniua!" nikapiga kelele. "Umenipokonya mkono wangu!"

Mama aliinama. Aliokota vipande kimoja kimoja, vingine vya moto bado, akavitia kwenye khanga yake. Nikaingia chumbani, nikabamiza mlango. Hasira ilinipanda mpaka masikio, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia na udongo uliobaki ulikuwa konzi moja.

Asubuhi nikakuta konzi ile imefungwa kwa kitambaa kibichi, imewekwa kivulini penye baridi. "Udongo uwahi ungali maji," mama akasema bila kunitazama. "Na huo mkono pia. Amka."

Niliamka. Mwanamke huyu ana kichwa kigumu, na mimi nimezaliwa naye.

Kindi wa pili alikuwa mdogo, hakukuwa na udongo wa kumnenepesha. Safari hii sikuharakisha mikono. Nilikwenda shambani na kigoda, nikamngoja yule mnene, nikamtazama anavyoinamisha viganja. Kisha nikachukua chembe ya udongo nikaisokota kati ya gumba na shahada. Ikaponyoka. Nikachukua nyingine, nikaisaga mpaka ikawa unga. Maumivu yalipanda mpaka begani, machozi yananitoka, na mimi nasema na gumba langu kama kichaa, "Njoo hapa, mshenzi wewe, njoo." Siku zilipita hivyo. Mama aliacha kuniuliza kitu, akawa ananiletea chai tu.

Na siku moja gumba likafika. Nilihisi ngozi kwa ngozi, na katikati yake kijiti cha udongo, chembamba kama uzi wa darizi. Kidole cha kindi. Nikakaa nikakitazama, naogopa kupumua.

Alipokamilika, mama alimlinda akauke kama analinda mtoto mchanga. Aliwafukuza kuku, akafukuza jua, akasogeza mbabura mpaka nje ya uzio. Mkia ukapata ufa, nikauziba kwa uji wa udongo, kwa mkono wa kulia.

Mwenye chumba alikuja kama alivyosema. Alimwona kindi mezani, amekaa kitako, viganja vimeinuliwa mbele ya kifua, vitupu. "Nani amekutengenezea?"

"Nani? Mimi!"

Akatoa sindano kwenye mkoba, na uzi mweusi. Sindano nikaishika kwa kushoto. Uzi nikaubana kwa kulia, nikalowesha ncha mdomoni, nikausokota kama nilivyosokota vile vidole. Ukapita pembeni. Mama alisimama mlangoni, ameshika khanga kwa meno. Nikausokota tena. Ukapita pembeni tena. Mwenye chumba akatazama chini, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Nitazame mimi," nikamwambia, "usitazame viatu."

Uzi ukaingia.

Nikauvuta hadi mwisho, nikapiga fundo, nikamrudishia sindano yake. Aliipokea, akairudisha mkobani. Kisha akasema, "Jumatatu, sha. Usichelewe."

Mama hakupiga vigelegele wala hakunikumbatia, si mtu wa mambo hayo. Alikwenda jikoni, akarudi na karanga moja yenye ganda lake, ile nzuri ya mbegu. Akaipachika taratibu kati ya viganja vya yule kindi, akahakikisha haianguki.

"Huyu tu," akasema. "Wale wengine mawe yao yapo palepale."