Lenzi za Gwakisa Zilivyooshwa na Mchele

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita nilipoteza lenzi mbili za kamera ya marehemu mume wangu. Hazikuibiwa wala hazikuanguka. Zilioshwa. Zilioshwa kwa maji ya bomba pamoja na mchele, zikakorogwa kwa mkono vizuri kabisa, nyumbani kwa mama mkwe wangu kule Matema, siku ambayo ukoo wote ulikuwepo, na kwaya ilikuwepo, na mchungaji alikuwepo. Aliyesababisha ni mimi, kwa kukaa kimya pale nilipotakiwa kufungua mdomo. Naona aibu mpaka leo, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko kumsikia wifi yangu Tusekile, maana kila akisimulia anaongeza, na mara ya mwisho nilisikia lenzi zimeshafika nne na mojawapo imeliwa.

Mume wangu, Gwakisa, alikuwa mpiga picha pale Bondeni, Kyela mjini. Harusi, kipaimara, picha za pasipoti, zote alipiga yeye. Na Kyela mnaijua ilivyo. Mvua ikianza haijui kuacha, viatu vinaota ukungu kabatini, hata Biblia ukiiacha wiki mbili bila kuifungua kurasa zinashikana. Lenzi nazo zinaota ukungu, tena ndani, katikati ya vioo, pale ambapo kitambaa hakifiki. Kwa hiyo Gwakisa alitengeneza sanduku la mbao, akaweka ndani globu ndogo ya zamani, ile inayotoa joto, ikawa inawaka usiku na mchana, na lenzi zake zinalala humo kama vifaranga. Mimi nilimcheka. Nilimwambia zitaangua lini. Lakini miaka yote ile lenzi zake zilikuwa safi.

Alipofariki, sanduku liliendelea kuwaka. Sikuwa na moyo wa kulizima. Kisha mwezi wa nne globu ikaungua, nikazunguka maduka yote ninayoyajua, kila muuzaji ananipa hizi za kisasa nyeupe. Kijana mmoja wa dukani akaniambia, "Mama, za joto hazitengenezwi tena, chukua hii, haili umeme." Nikamwambia sitaki isiyokula umeme, nataka inayochoma. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Nikachukua hiyo hiyo yake, nikaifunga, asubuhi nikagusa sanduku, la baridi kama kaburi.

Sasa hapo ndipo nilipojifanya mtaalamu (mimi niliyeishia darasa la saba). Nikawaza, huku kwetu simu ikitumbukia majini tunafanya nini? Tunaifukia kwenye mchele, na mchele unavuta maji yote. Na mchele Kyela si kitu cha kutafuta. Nikachukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nikajaza mchele, nikafukia lenzi zote mbili. Tena nikavua vifuniko vyake mbele na nyuma, ili mchele uzifikie vizuri. Mnaona akili hiyo? Nikafunga ndoo, nikajisifu.

Ikafika siku ya kumalizia kaburi. Lilikuwa limeshajengewa na vigae vimewekwa, imebaki kuombewa. Mama mkwe alikuwa ameniita mapema akaniambia kitu kimoja tu. Alisema, "Mama Bupe, wanangu waliobaki siku hiyo watakuwepo wote, hata Ambakisye anakuja kutoka Karonga. Nataka tupige picha moja, mimi na wao, pale kwa Gwakisa. Na ipigwe kwa kamera yake. Sitaki simu. Picha za simu zinakaa kwenye simu za watu, mimi sizioni." Nikamwambia nitaipiga, mama. Niliahidi. Ambakisye ni shemeji yangu, ana biashara upande wa Malawi, kuja kwake ni kwa bahati, na siku hiyo ilibidi arudi kabla mpaka haujafungwa. Yaani picha ilikuwa ni siku hiyo au basi.

Asubuhi nikawaza barabara ya kwenda Matema, matope hapa, vumbi pale, nikaona nisizitoe lenzi, nizibebe humo humo kwenye ndoo. Kamera begani, ndoo mkononi. Sasa fikirini wenyewe: mwanamke anashuka kwenye gari mbele ya nyumba yenye shughuli, ameshika ndoo ya mchele. Kuna mtu duniani atauliza ni ya nini?

Wifi Tusekile alikuwa amesimama pale mlangoni anapokea vyakula vya watu. Ndizi za huyu, unga wa yule. Aliponiona tu akanikumbatia, akalia kidogo, nikalia kidogo, na huku analia mkono wake umeshashika ndoo.

"Ndaga fijo, asante sana, wifi yangu. Na wewe mfiwa unabeba mchele! Jamani, mwoneni huyu!"

Wanawake wakageuka, wakaniangalia kwa huruma, wakasema ndaga, ndaga. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwa machache: wifi, huo si wa kupika. Lakini nikajiona nikinyang'anyana ndoo ya mchele na dada wa marehemu, siku ya kaburi la marehemu, mbele ya wanawake wote wa kanisa ambao wameleta vya kwao. Wangesema mjane ana mkono wa birika. Nikamwachia ndoo. Nikasema moyoni, nitaingia jikoni taratibu, nitazichimbua, nitaondoka, hakuna atakayejua.

Sikufika jikoni. Kila nikiinuka kuna mtu ananishika mkono ananirudisha kwenye kiti. "Kaa, mama, leo hufanyi kazi yoyote, kuna watu." Nikasema naenda kujisaidia, wakanipa mtu wa kunisindikiza, akanisindikiza mpaka chooni na kunirudisha (nilikaa chooni bure, nikitazama ukuta). Kisha mchungaji akafika, kwaya ikaanza, tukaenda kaburini, pale nyuma ya nyumba, na mfiwa ndiye anakaa mbele. Toka pale ningekimbia na kwenda wapi?

Mchungaji alikuwa katikati ya sala, watu wamefumba macho, kimya kabisa, nikasikia sauti ya Tusekile kutoka kule jikoni.

"Jamani! Nani ameweka mabomba kwenye mchele?"

Mchungaji akaendelea. Na Tusekile naye akaendelea, anakaribia, maana yeye akiwa na jambo hawezi kulitua. Nilifumbua jicho moja. Alikuwa anakuja na beseni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, na ndani ya beseni, katikati ya maji meupe ya mchele, lenzi ya Gwakisa, ile kubwa, imekaa kama samaki.

"Nimekoroga, nikaona kitu kigumu, nikadhani jiwe. Kumbe mawili! Wifi, hivi ni vitu gani umetuletea tutafune?"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa kijana mmoja wa kwaya, mwenye sauti ya nne, na kicheko cha sauti ya nne hakifichiki. Wakafuata wengine. Mchungaji akasema amina kabla ya wakati wake. Ambakisye akainama akachungulia kwenye beseni, akasema, "Shemeji, hizi si lenzi za kaka?" Nikasema ndiyo. "Zinapikwa?" Watu wakaangua kicheko tena.

Nilijaribu kueleza. Nikasema habari ya sanduku, habari ya globu, habari ya simu zinazotumbukia majini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjinga. Tusekile akauliza. "Sasa mbona hukusema nilipoichukua?" Ningesema nini? Kwamba niliogopa kuitwa mchoyo, ndiyo maana nikamwachia apike mali ya kaka yake?

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameshasimama pale kwenye kaburi, amevaa kitenge kipya, amewapanga wanawe, huyu kulia, huyu kushoto, anasubiri. Akasema, "Mama Bupe, piga."

Nikachukua ile kubwa nikaikung'uta, maji yakatoka, na chenga mbili za mchele zikatoka. Nikafuta kwa pindo la kitenge changu (Gwakisa angeniua, yeye alikuwa na kitambaa chake maalumu ambacho hata pua yako hairuhusiwi kukikaribia). Ule unga wa mchele ulioshikana na maji ukawa uji, ninaufuta unatandaa. Nikaifunga kwenye kamera. Nikazungusha pete, ikalia kwaru kwaru kama mtu anasaga karanga, ikagoma. Nikajaribu ile ndogo. Ile ndogo ilizunguka vizuri, ila ndani ya vioo maji yalikuwa yanatembea, nayaona kwa macho yangu yakitembea.

Nikapiga hivyo hivyo. Nikapiga tena. Kila mtu amesimama juani, Ambakisye anatazama saa, mimi naomba Mungu kimya kimya, na kwenye kioo cha nyuma cha kamera kila picha inatoka nyeupe, watu wamepotea kama wamesimama kwenye mvuke wa sufuria. Mama akasema, "Lete nione." Nikampelekea. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akaniuliza bila hasira, "Sasa hapa aliyekufa ni yupi?"

Hapo ndipo nililia kweli. Si kwa ajili ya lenzi. Nililia kwa sababu kitu kimoja tu niliombwa, na nilikiahidi, na kilinishinda kwa ajili ya ndoo. Wallahi siweki tena kioo cha kamera kwenye chakula, na mtu akinipokonya kitu changu kwa upendo nitampokonya na mimi kwa upendo huo huo, mbele ya mchungaji akipenda awepo.

Ambakisye akatoa simu yake. Mama akakunja uso. Ambakisye akamwambia, "Mama, nitaisafisha kwenye karatasi, kubwa, nitaituma na mtu wiki hii hii. Nisipoituma, usinipokee tena hapa." Mama akafikiri. Akasema haya. Ambakisye akampa simu yule wa sauti ya nne, akakimbilia mahali pake kwenye mstari.

Nikasogea pembeni na kamera yangu iliyolowa, kama nilivyozoea, maana kwenye shughuli za nyumba hiyo mimi na Gwakisa tulikuwa upande wa kamera siku zote. Mama akapaza sauti. "Na wewe unakwenda wapi? Njoo hapa." Akamsukuma Tusekile kidogo kwa kiwiko, nafasi ikapatikana, nikasimama kati yake na mama. Mkono wa Tusekile ulikuwa bado umelowa, nikausikia mgongoni.

Yule kijana akahesabu moja, mbili, na kwenye tatu jua likanipiga usoni nikafumba macho. Akaitazama picha, akasema, "Mama Bupe amefumba, turudie." Watoto wa mama wote wametoka wazima, wanaonekana mpaka meno, ila mimi. Nikasema ndiyo, turudie. Mama akasema yeye miguu inamuuma, imetosha, akaondoka kwenda kukaa.