Matonya na Mbuzi wa Kizunguzungu

Matonya wa Makutupora alitanguliwa na mbwa wake kila alikokwenda. Watu waliona kwanza mkia ukipita katikati ya uwele, kisha fimbo, halafu ndipo wakamwona mwenyewe. Mbwa alikuwa mwekundu, mrefu wa miguu, na jina lake Askari, kwa sababu alikula nyumbani kwa watu bila kukaribishwa na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Askari wa kweli walipopita na Mdachi wao kudai kodi ya nyumba, mbwa aliitwa "wewe" tu mpaka wapite.

Kwa mengine yote Matonya alikuwa mtu wa kawaida. Alikuwa na ng'ombe wachache, mke mkimya, na tembe iliyovuja kila masika upande uleule. Dada yake Emilia alipobatizwa alimsihi naye abatizwe, akajibu kwamba atafikiri baada ya mavuno. Mavuno yalikuja na kupita miaka mingi, na Matonya alikuwa bado anafikiri.

Jambo moja tu lilimtoa katika ukawaida. Mbuzi wa Ugogo walikuwa na ugonjwa wa kizunguzungu. Mbuzi alianza kwa kuinamisha kichwa upande mmoja kama anayetega sikio. Baadaye aliachana na wenzake, akazunguka, akazunguka, akagonga ukuta, akasimama pale akiutazama. Kila mfugaji alijua kwamba hapo hakuna dawa ila kisu. Nyama ililiwa, lakini kichwa kiliwatia watu hofu, wakakitupa mbali au wakakizika.

Matonya alisema huo ni ujinga. Alikipasua kichwa kwa shoka, taratibu, akachomoa kwenye ubongo mfuko mwembamba uliojaa maji. "Huu ndio ugonjwa wenyewe," aliwaambia watu. "Ukiutupa unabaki juu ya ardhi. Ukiuzika unabaki chini yake. Mpe mbwa aumalize." Askari aliumeza mfuko mara moja, akalamba midomo, na wenye mbuzi wakashusha pumzi. Matonya hakutaka malipo. Alikubali kibuyu cha pombe ya mtama, basi. Alikwenda boma hadi boma, na baada ya miaka michache watu wakawa wanamngojea hata kama mbuzi ni wa kuchinjwa leo leo.

Ningependa kumcheka, lakini alifanya kwa moyo mweupe, na hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii yote.

Emilia alikuwa mjane, na mbuzi wake ndio waliokuwa shamba lake na ghala lake. Mwanawe, Elieza, alifanya kazi ya reli Dodoma, treni zilipokuwa zimeanza tu kufika. Mbuzi walichungwa na mke wa Elieza, Ruthu, binti wa Nzuguni, msichana wa maneno machache na mguu mwepesi. Jioni nyingi Matonya alikula kwa dada yake, na fisi walipokuwa wengi alimwachia Askari alale zizini na mbuzi. Emilia alimshukuru sana kwa hilo.

Kisha ukaja mwaka ambao mbuzi wa Emilia walizunguka kuliko wa mtu mwingine yeyote. Alichinja huyu, akachinja yule, na kila mara Matonya alikuja na shoka, na Askari akala. Zizi likabaki na nafasi. Emilia akaanza kulia mchana, mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mume.

Ndugu na majirani wakakaa uani kwake kutafuta sababu. Wote walimtazama Matonya. Nani mwingine angejua, kama si yeye aliyeushika ugonjwa kwa mkono wake? Matonya hakujua. Angeweza kusema hivyo, na neno "sijui" si zito kulitamka. Lakini alikuwa amezoea kutazamwa namna ile, na mtu aliyezoea kutazamwa hupata tabu kufunga mdomo. Akasema ni jua. Mbuzi wakichungwa mchana bila kivuli, ubongo unayeyuka na kuwa maji. Ameyaona maji hayo mwenyewe, nani asiyeyaona?

Macho yakahama kutoka kwake yakaenda kwa Ruthu, aliyekuwa amepiga magoti karibu na mlango.

"Baba," Ruthu alisema bila kuinua uso, "jua likiwa kali huwa nawapeleka kwenye migunga."

"Migunga!" alisema Matonya. "Kivuli cha mgunga hakimtoshi hata mjusi."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha watu waliochoka, lakini kilimaliza kazi. Emilia akasema hawezi kukaa na mtu anayemmalizia mbuzi. Elieza aliitwa kutoka Dodoma. Alikuwa hodari wa kubeba mataruma ya reli, ila mbele ya mama yake hakuweza kubeba hata neno moja. Ruthu akafunga nguo zake, akarudi Nzuguni kwa baba yake.

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, alifika Mdachi mmoja mganga wa wanyama, akapiga hema karibu na visima kukagua ng'ombe. Mkalimani wake alikuwa Mbaruku, kijana wa mjini, mjukuu wa wafanyabiashara wa misafara, mcheshi na msafi kupita kiasi. Mbuzi waliyemnunua kwa ajili ya kitoweo akaanza kuzunguka kamba yake. Watu wakasema, aitwe Matonya.

Matonya alikuja kwa furaha. Kuonyesha kazi yake mbele ya mganga wa Kizungu, nani angekataa? Alipasua, akachomoa mfuko mzima bila kuutoboa, akauinua juani uonekane. Mdachi aliinua mkono na kupiga kelele, lakini alichelewa. Askari alikuwa ameshameza.

Asubuhi iliyofuata Mdachi alisaga popoo, ile wanayoitafuna watu wa pwani pamoja na tambuu, akaikoroga katika maziwa, akamnywesha Askari na kumfunga kwenye kigingi. Jua halijapanda sana, mbwa akahara. Vilivyotoka vilikuwa minyoo myeupe, bapa kama utepe, imesokotana rundo zima. Mdachi alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Aliichagua kwa kijiti, akaitia baadhi katika chupa, akanawa mikono, akaenda kwenye ng'ombe wake. Hakuwa na nia ya kumfundisha mtu. Kama si Mbaruku kubaki akikunja mablanketi, Matonya angekufa bila kujua, na pengine angekufa na raha zake.

"Mzee Matonya," Mbaruku alisema, "ule mfuko uliuona vizuri?"

"Nauona miaka yote."

"Una vitone vyeupe."

"Kama punje za uwele. Najua."

"Bwana anasema kila kitone ni kichwa cha tegu. Mbwa akimeza mfuko, vichwa vinang'ang'ania utumbo, vinakua vinakuwa minyoo ile uliyoiona. Mayai yanatoka na mavi ya mbwa, yanabaki kwenye majani. Mbuzi akila majani, mayai yanasafiri ndani mpaka kwenye ubongo, yanakuwa mfuko tena. Anasema vichwa vichomwe moto, mbwa wasile."

Matonya alimtazama Askari, aliyekuwa amelala amechoka, ulimi nje, akimtikisia mkia.

"Na jua?" aliuliza.

"Jua gani?"

"La mchana. Haliyeyushi ubongo?"

Mbaruku alidhani anataniwa. "Kama jua lingegeuza ubongo kuwa maji, mzee, Ugogo nzima tungekuwa tunazunguka!"

Alicheka mwenyewe mpaka akaona mwenzake hacheki.

Matonya hakuwaza mbuzi kwanza. Aliwaza kile kicheko cha uani, na uso wa Ruthu ukiwa umeelekea chini. Halafu ndipo mbuzi wakaja, mmoja mmoja, wa boma hili na boma lile, mahali pote alipopita na mbwa wake na kupewa kibuyu. Aliona aibu hata kwenye mikono. Alirudi nyumbani akamfunga Askari kamba, na mbwa akalia mchana kutwa asielewe amekosa nini.

Ungetegemea aende moja kwa moja kwa dada yake. Hakwenda. Alipoitwa kwenye mbuzi wa kizunguzungu alikwenda peke yake na shoka, akasema safari hii kichwa tukichome. "Kwa nini? Askari anaumwa?" waliuliza. "Anaumwa," alijibu, na huo ulikuwa ukweli wa kujifichia. Mvua zikaja, uwele ukaota, ndege wakafukuzwa, mavuno yakaingia ghalani. Kila siku alijiambia atasema kesho, na kila kesho ilikuwa na kazi zake. Huo ulikuwa woga, mimi sina jina jingine la kuupa.

Kilichokuwa kibaya zaidi ni kwamba mbuzi wa Emilia walianza kupona. Sisemi wagonjwa walipona, nasema wapya hawakuugua. Askari alikuwa kwenye kamba, zizi likawa safi, na watoto wa mbuzi wakakua vichwa vikiwa wima.

"Umeona?" Emilia alimwambia kaka yake akimwekea ugali na mlenda. "Yule mwanamke ameondoka, na mwaka huu hata mmoja hajazunguka. Ulisema kweli, kaka. Bila wewe angenimalizia wote."

Matonya alitazama ugali. Alimega tonge, akalirudisha.

"Nimeongea na ndugu," Emilia aliendelea. "Elieza atafutiwe mke mwingine. Mahari yetu irudi. Wewe ndiye mjomba wake, wewe utakwenda Nzuguni kusema."

Hapo alikuwa na nafasi. Dada yake alikuwa mbele yake, hapakuwa na mtu mwingine, na chakula kilikuwa bado cha moto. Akasema, "Nitakwenda."

Alianza safari alfajiri, bila mbwa, na njiani alijipangia maneno. Atamwambia Ruthu. Akishamwambia Ruthu, mzigo utakuwa umeshuka, na hayo mengine yatajipanga. Alitembea kwa haraka kwa ajili ya wazo hilo, na alipoiona reli ya Nzuguni ikimeremeta alikuwa karibu kufurahi.

Ruthu alikuwa peke yake nyuma ya tembe ya baba yake, amebeba kichwani mzigo mkubwa wa matawi mabichi. Kando ya zizi palikuwa na kibanda kipya, kirefu, kimeezekwa nyasi vizuri kuliko nyumba nyingi za watu. Ndani yake mbuzi wa baba yake walikuwa wamejazana, wamekonda mbavu nje, wakilia. Nje palikuwa na majani tele.

Alitua mzigo, akapiga magoti kuamkia. "Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mwanangu. Hawa mbona hawako malishoni?"

"Nimejifunza, baba," alisema Ruthu haraka, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Tangu nirudi sijawatoa juani. Nawakatia matawi, nawaletea. Watu hapa wananicheka, lakini hakuna hata mmoja aliyeyeyuka ubongo." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mwambie mama anisamehe. Sikujua. Ningejua nisingemfanyia vile."

Matonya alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa amejiandaa hata kwa matusi, na angeyapokea. Kwa hili hakuwa amejiandaa, akaketi chini kwenye mavumbi mbele ya mkwe, jambo lisilofaa kabisa. Akamwambia yote, mfuko na vitone, tegu na popoo, Askari kulala zizini, na jua ambalo halikuwa na hatia.

Ruthu alisikiliza akiwa amepiga magoti vilevile. Mbuzi walikuwa wakilia nyuma yake.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Kabla ya mvua."

"Mvua hizi zilizokwisha?"

"Hizo."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Ruthu alimtazama usoni, na alimtazama muda mrefu. "Uliponihukumu walikuwapo watu," alisema. "Walicheka. Leo umekuja peke yako, umeniambia mimi, niliyekuamini. Waambie waliocheka, baba."

Akainuka, akaenda kuondoa miti ya mlango wa kibanda.

Matonya alirudi Makutupora, na safari hii hakusubiri kesho. Aliwaita ndugu na majirani walewale, uani palepale, akasema akiwa amesimama. Alianza na kosa la jua, ndipo akaja kwenye la mbwa, kwa sababu la jua alilifanya akiwa na macho wazi. Mwanzoni mtu mmoja alicheka akidhani ni utani, akajikuta anacheka peke yake. Mmoja akauliza mbuzi wake watalipwa na nani. Mwingine akainuka akaondoka bila kuaga. Emilia alikaa amejishika kichwa, akirudia, "Mbuzi wangu, Matonya. Na mkwe wangu." Tangu siku hiyo hakumwita kaka.

Elieza alipata habari Dodoma. Aliomba ruhusa kwa msimamizi, akaenda Nzuguni kumchukua mke wake, na Matonya akamngoja njiani jioni yote, akitazama upande wa mjini. Elieza alikuja peke yake.

"Hukumkuta?"

"Nimemkuta malishoni," Elieza alisema. "Jua la utosi, hakuna hata mti. Mbuzi wanakula kama wendawazimu."

"Akasema nini?"

"Nilimwambia turudi, mama anamwita, mjomba ameshasema yote. Akasema hawezi kuwaacha, bado wana njaa."