Siku salamu za Jani Kavu ziliposomwa redioni na wakwe wamekaa mkekani

Wakuu, natumai mko salama huko mliko.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu: mtu akikwama nyumbani husikiliza nini, hasa zile nyimbo ambazo ukiulizwa mbele za watu utakana. Nimesoma majibu yenu nikacheka peke yangu jikoni. Yangu ni marefu, ndiyo maana nimeyafungulia uzi wake.

Sitii chumvi. Kisa chenyewe kilikuja na chumvi yake.

Ni miaka ya tisini, Mombasa, Mji wa Kale. Mimi Dija, nimemaliza darasa la nane nikaishia hapo, kazi yangu kushona vitambaa vya meza na kuota ndoto mchana. Nikaposwa na Athmani, fundi saa wa Makadara. Kijana mpole, ukimwuliza saa ngapi anaona haya.

Basi nikatiwa ndani.

Kwa wasiojua, bi arusi wa kwetu hufungiwa kabla ya arusi. Hutoki, hupigwi na jua, huchungulii dirishani, hucheki kwa sauti. Unasuguliwa liwa na singo mpaka unanukia kama sanduku la bibi. Na anayekusimamia ni somo, mwanamke mtu mzima anayekufunza mambo ya ndoa na kuhakikisha hutoroki.

Somo yangu alikuwa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa mjane, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Wasichana wa nusu ya Mji wa Kale wamepita mikononi mwake. Mkali, hasemi mara mbili. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Mwari hasikilizi redio. Nyimbo humlegeza bi arusi kichwa, akafika kwa mume hajui hata chumvi iko wapi."

Nikaitikia, "Ndiyo, somo."

Na sharti hilo halikuwa lake tu. Mama mkwe wangu mtarajiwa, Bi Nuru, alikuwa na sifa zake. Uchumba wa mwanawe mkubwa aliuvunja kwa sababu msichana alionekana dirishani akinunua ubuyu. Ubuyu tu, wakuu. Na somo wa msichana yule hakuitwa tena na mtu, mpaka akahamia kwa dadake Malindi.

Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tumeshikiliwa na uzi mmoja. Mimi arusi yangu, Bi Rukia mkate wake.

Sasa.

Bi Rukia alikuwa na kikapu cha ukili alichokuja nacho kila siku, ndani mna vikopo vya liwa, mafuta ya nazi, na leso iliyokunjwa. Alhamisi moja alasiri ananisugua mgongo, kikapu kikakohoa.

Kikakohoa tena, kisha mwanamume akaanza kuongea ndani ya kikapu.

"Somo," nikasema, "liwa yaongea."

Mkono wake ukasimama mgongoni mwangu. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kitufe chake kimelegea. Hujizima na kujiwasha kikitaka."

Akafungua ile leso. Kiredio kidogo chekundu, mgongo umefungwa kwa mipira ya chupi.

Nikadhani labda anasikiliza mawaidha. Au taarabu, nani atamlaumu. Kumbe hapana. Bi Rukia, mkali wa Mji wa Kale, alikuwa hasikilizi kitu ila kipindi cha salamu cha Alhamisi, kwa sababu mtangazaji wa siku hiyo alipenda kupiga nyimbo za kauboi.

Zile za Mzungu analia. Gitaa linateleza kama limemwagiwa mafuta, naye kifua kimembana.

"Siyajui maneno hata moja," aliniambia. "Lakini huyu mtu ameonewa."

Akanitazama. "Wewe si umesoma Kiingereza?"

Wakuu, Kiingereza changu kilikuwa cha kumwambia mwalimu naomba kwenda chooni. Lakini yule mama alikuwa amenikodolea macho kama mtoto anayengoja kaimati. Nikashindwa kumkatalia.

"Hebu nambie, yuwasemaje?"

Nikasikiliza. Nikafumba macho. "Yuwasema... mkewe amekufa."

"Nilijua," akasema Bi Rukia, akaketi kitako.

Basi ikawa hivyo. Kila Alhamisi mlango unafungwa, mamangu anaambiwa mwari yuko kwenye mafunzo, redio inatolewa. Betri zikichoka Bi Rukia anazianika darini zipate nguvu. Betri zilikuwa zikiota jua kuliko mimi.

Nami nikawa nafasiri. Kila wimbo niliufanya ni wa mtu yule yule. Mkewe amekufa, anaenda kaburini na kandili. Wimbo mwingine, farasi wake amekonda kwa huzuni. Mwingine, shemeji zake wamemdhulumu shamba. Ukitokea wimbo wa mbio, nilisema leo amepata barua njema. Bi Rukia alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya leso huku mkono wa pili unanisugua kisigino.

Na kabla ya nyimbo kulikuwa na salamu zenyewe. Wadogo wa siku hizi hamjui. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako la redioni, majina ya unaowasalimu, na wimbo unaoutaka, ukaitia posta. Mtangazaji akiisoma, mtaa mzima unasikia, kwa sababu kila dirisha lilikuwa na redio ile ile.

Kulikuwa na mmoja hakosi hata Alhamisi moja. Akijiita Subira wa Feri. Salamu zake ndefu: anamsalimu kijana wake wa pekee aliyebaki nyumbani, mabaharia wote, manesi wa zamu, "na wote waliofungiwa ndani, wagonjwa, wafungwa na maharusi."

"Ametutia kapu moja na wafungwa," nikasema.

Bi Rukia akasonya. "Mwanamke huyu hana mchele wa kuchagua? Kila wiki yuko redioni kama taarifa ya habari. Na mume wake yuwamtazama tu?"

Tulimsema sana Subira wa Feri. Yakumbukeni hayo.

Siku moja Bi Rukia akaleta kadi tupu. Akaiweka mbele yangu bila kunitazama.

"Niandikie. Ule wimbo wa mtu wetu, wa kandili. Lakini jina langu lisijulikane hata kwa bahati mbaya."

Tukatafuta jina. Akachagua Jani Kavu wa Mji wa Kale. Nikamwuliza kwa nini, akasema ndivyo moyo wake unavyojisikia saa kumi ya alasiri. Niliandika macho yakinichoma kidogo.

"Wasalimiwe nani?"

"Time wa Kuze tu. Nilimtoa mimi, mwari wangu wa kwanza."

Nikaandika.

"Na Salha wa Makadara. Nikimtaja Time nikamwacha Salha, si ataona uchungu?"

"Somo, Salha hatajua ni wewe. Ndiyo maana ya jina la siri."

"Yeye hatajua," akasema. "Mimi nitajua."

Hapo ndipo tulipopotea wakuu. Kwa sababu akimtaja Salha, Mwanakombo je? Na mapacha wa Kibokoni? Na yule aliyeolewa Lamu, ambaye hata redio yenyewe sijui kama ilifika? Kadi ikajaa mbele, ikajaa nyuma, nikaongezea karatasi kwa gundi ya unga. Wari wake wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtaa wake. Mwisho akasema, "Na Dija, mwari wangu aliye ndani sasa, na Athmani fundi saa."

Nikauliza, "Na Bi Nuru?"

Akaruka. "Bi Nuru na heshima zake zile, tumtie kwenye mambo ya kauboi? Huyo tumstahi. Mwache."

Tukamstahi. Bi Rukia akavaa buibui lake akaitia kadi posta mwenyewe.

Alhamisi zikapita, haikusomwa. Tukakata tamaa.

Ikafika siku ya sanduku, siku wanawake wa upande wa bwana arusi wanapoleta nguo na vitu vya bi arusi. Wakwe walipanga Alhamisi. Bi Nuru akaja na kundi lake, akiwamo Salha wa Makadara mwenyewe, maana ni binamu yake Athmani. Wakaketi mkekani. Mimi nimeinamishwa kichwa nimefunikwa leso, Bi Rukia kando yangu, mkono begani kwangu. Redio yetu iko kikapuni, na betri tulizitoa kabisa. Bi Rukia hakuwa mjinga.

Sanduku likafunguliwa, kila nguo ikainuliwa ikasifiwa. Na ng'ambo ya kichochoro, kwa Mama Farida, kipindi cha salamu kikaanza.

Vichochoro vyetu mnavijua. Ukipiga chafya kwako, jirani anakujibu kwake.

"Leo wasikilizaji nina kadi yenye mkia," akasema mtangazaji. "Imetoka kwa Jani Kavu wa Mji wa Kale."

Kucha za Bi Rukia zikaingia begani kwangu.

"Anamsalimu Time wa Kuze. Salha wa Makadara..."

"Mimi huyo," akasema Salha, kanga mpya mkononi. "Nani ananisalimu mimi?"

Mamangu, bila kujua lolote, akaenda kufunga dirisha kwa adabu. Sauti ikaingia kwa dirisha la pili. Mwanakombo. Mapacha wa Kibokoni. Wa Lamu. Wanawake wakaanza kutazamana. Kuna aliyekuwa akihesabu kwa vidole, na niliona kwa chini ya leso vidole vile vikipunguza mwendo.

"Na Dija, mwari wangu aliye ndani sasa, na Athmani fundi saa."

Hakukuwa na haja ya mtu kusema. Somo aliyewatoa wote wale alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameketi hapo, uso umekauka kama jina lake.

Bi Nuru akaweka kikombe chini.

"Zimeni," akasema.

"Si yetu mama," mamangu akalia, "ni ya jirani, wallahi."

"Sijasema redio. Zimeni midomo. Nasikiliza."

Gitaa likateleza. Mzungu akalia mwanzo mpaka mwisho. Nikawaza saa zote ambazo Athmani angezitengeneza na mimi nisizione.

Wimbo ukaisha. Bi Nuru akamgeukia Bi Rukia.

"Jina langu halikusomwa."

"Bi Nuru..."

"Mwanangu amesalimiwa. Salha amesalimiwa, aliyeunguza wali siku ya arusi yake. Mimi nimekosa nini?"

"Tulikustahi," akasema Bi Rukia kwa sauti ya kutoka kisimani.

"Mwanistahi? Mimi kila Alhamisi nawasalimu watu wote waliofungiwa ndani, hata nisiowajua, na nyinyi mwanistahi?"

Salha akaiweka kanga chini.

Bi arusi hasemi mbele ya wakwe. Lakini mdomo ulinitoka wenyewe chini ya leso: "Subira wa Feri."

"Ndiye," akasema Bi Nuru, amenyoosha shingo. "Nilivuka feri ile kwenda kazini tangu usichana. Hakuna mahali nimesubiri kama pale."

Bi Rukia alifumba macho. Najua alikuwa akiyapitia yote aliyoyasema, mchele, taarifa ya habari, mpaka mume, ambaye, kumbe, alikuwa marehemu zamani.

"Bi Nuru," akasema, "kadi nyingine nitaituma kesho. Jina lako la kwanza."

"La kwanza," akasema Bi Nuru. "Kabla ya Time." Akachukua kikombe chake akamalizia kahawa, na mamangu akapata nguvu ya kuketi.

Kisha Bi Nuru akauliza kama tunaujua ule wimbo unasemaje. Bi Rukia, roho imemrudi, akamhadithia: mke, kaburi, kandili, farasi, shemeji. Wanawake wakasikitika. Mmoja akamlaani shemeji.

Bi Nuru akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amelea watoto wa Wazungu miaka mingi, Kiingereza anakijua.

"Nani kawafasiria?"

Mkono wa Bi Rukia ukaninyooshea kidole.

"Mwanangu," akasema Bi Nuru, taratibu, "huyu analilia lori. Lori lake limeharibika njiani."

Mkeka mzima ukanigeukia. Bi Rukia akanitazama muda mrefu, nami nikatamani nirudishwe ndani nifungiwe tena.

Kisha akamgeukia Bi Nuru. "Mtu halii vile kwa lori," akasema. Na mazungumzo yakaishia hapo.

Niliolewa wakuu. Athmani yupo hapa anarekebisha saa ya jirani, nyimbo za kauboi hazitaki hata kuzisikia. Lakini ule mwaka wa kwanza, kila Alhamisi alasiri, Bi Rukia alikuja kwetu na kikapu chake, na Bi Nuru akaacha kazi zake akaketi nasi. Kauboi akianza kulia, Bi Nuru, mwenye Kiingereza chake chote, alikuwa akinisogelea na kuniuliza kwa sauti ndogo:

"Haya Dija, leo yuwasemaje?"

Nilichojifunza ni kidogo tu. Unayemficha wimbo wako kwa heshima, huenda naye yuko upande wa pili wa ukuta anajiuliza kwa nini hujamsalimu.

Haya, nanyi semeni. Wimbo gani mlikuwa mkiufunga mlango kabla ya kuusikiliza? Na kama yuko mwari wa Bi Rukia humu, mapacha wa Kibokoni hasa, jitokezeni. Mlisalimiwa.