Karatasi ya Noeli

Stara ana banda la gemu Majengo, nyuma ya wauza alizeti, na karibu kila kitu humo ni mtumba. Juzi alileta mashine mpya. Tukaingiza sidi ya mpira aliyoinunua kwa Noeli, muuza mbuzi wa Chemba. Mashine ikagoma. Ikaandika kwamba sidi imesajiliwa kwa Noeli, kwa hiyo tuingie mtandaoni kwanza, yeye aturuhusu.

Sisi wateja tukazomea. Stara alifungua mkoba, akatoa karatasi ya mauziano yenye sahihi ya Noeli, mashahidi wawili na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, akaishika mbele ya skrini kama anayeonyesha kitambulisho getini.

Skrini ikabaki vilevile.

"Kwa Noeli huyohuyo nilinunua na mbuzi," akasema, akiikunja karatasi taratibu. "Yuko kwangu Mkonze, anakula, anakunywa, ameshazaa mara mbili. Hata siku moja hajaniambia nimpigie Noeli kwanza."

Akachomoa waya, akawasha ile mashine kuukuu, tukasogeza viti.

Mpya anaiuza. Karatasi ameshaiandika, na mashahidi tumejitolea banda zima.